Oveni inayounguza kila kitu: usinunue koili, kagua themostati

SWALI: Assalaam alaykum. Nina jiko la kusimama, juu lina gesi tatu na koili moja ya stima, chini lina oveni ya stima. Tangu mwezi uliopita nikiweka 180, mkate wa mayai unaungua juu na chini ndani ya dakika 15, na katikati bado mbichi. Ile taa ndogo ya rangi ya chungwa siku hizi haizimiki. Fundi ameniambia koili ya chini imezidi nguvu, ninunue nyingine. Tena nina shangazi yangu Malindi, ana oveni ya gesi aliyoinunua kwa Mwitaliano aliyekuwa akihama, na yeye inamuunguzia. Je, ni ugonjwa mmoja? (Msomaji, Langoni, Lamu)

JIBU: Wa alaykum salaam, dada.

Koili usinunue. Naanza hapo kwa sababu ndipo pesa zako zinapotaka kupotea bure. Koili ni waya uliofungiwa ndani ya bomba la chuma: ikipata stima inachemka, ikinyimwa inapoa, basi. Nguvu yake haizidi kwa kuzeeka. Koili ya wati 1,200 kwa volti 240 ina ukinzani wa omu 48 ikiwa mpya, na ikiwa kuukuu utakuta karibu hizo hizo. Mwisho wake ni mmoja kati ya miwili: inakatika, oveni ikabaki baridi, au waya wa ndani unagusa bomba na swichi kuu inaanguka. Fundi wako akitaka hakika, achomoe plagi, atoe waya za koili, aipime kwa mita. Akipata kati ya omu 45 na 60 kwa koili ya kawaida ya chini, na mita isisome chochote kati ya ncha ya koili na bodi ya jiko, koili ni nzima.

Kinachoamua stima ikatwe lini ni themostati, na dalili yake umeitaja mwenyewe bila kujua: taa haizimiki. Taa ile imeungwa baada ya themostati, kwenye njia ileile inayopeleka stima kwa koili. Ikiwaka, koili iko kazini. Oveni nzima ikiwekwa 180 huhitaji dakika 10 hadi 20 kupata moto, kisha taa inazimika, baada ya dakika chache inawaka tena, na hivyo mpaka umalize kupika. Taa iliyowaka nusu saa bila kuzimika na huku mkate unaungua maana yake ni moja: themostati haikati.

Kwa nini haikati

Ukichungulia ndani ya oveni, juu upande wa nyuma au ubavuni, utaona kijiti cha shaba au chuma, unene wa kalamu au chini yake, urefu kama wa kidole cha kati au zaidi kidogo, kimeshikwa na klipu mbili. Ndani yake mna kimiminiko. Kijiti hicho kimeungwa kwa mrija mwembamba sana unaopita nyuma ya ukuta wa oveni hadi kwenye kile kidude kilicho nyuma ya nobu unayozungusha. Joto likipanda, kimiminiko kinatanuka, kinasukuma kiwambo ndani ya kidude, kiwambo kinaachanisha pointi (vile vipande viwili vya chuma vinavyopitisha stima vikigusana), stima inakatika. Likishuka, pointi zinarudi kugusana.

Basi mambo matatu ndiyo huharibika. La kwanza, mrija umetoboka au umevunjika, mara nyingi pale ulipokunjwa kwa nguvu wakati wa kusugua oveni kwa waya wa chuma. Kimiminiko kikishavuja, hakuna tena cha kusukuma kiwambo, na pointi zinabaki zimegusana milele. La pili, pointi zenyewe zimeungua zikashikana. Huku kwetu pwani hili huja mapema kuliko bara, kwa sababu hewa ya chumvi huweka kutu ya kijani kwenye shaba, pointi iliyochafuka hutoa cheche kila inapofunguka, na cheche ndizo zinazoyeyusha chuma kikagandana. Nyumba ya pale Lamu inayopokea upepo wa bahari madirishani isishangae kuona themostati ikichoka kabla ya kila kitu kingine katika jiko.

La tatu ndilo jepesi, nalo likaguliwe kwanza: kijiti kimetoka kwenye klipu. Kikisukumwa na sinia kikaingia kwenye tundu la ukuta, sehemu yake ikabaki nyuma kwenye pamba ya kuzuia joto, kinahisi ubaridi wa nyuma na kuiacha oveni iendelee kuchemka. Kikifunikwa na mafuta yaliyoganda, kinachelewa kuhisi, na joto linapitiliza kabla stima haijakatwa. Kirudishe kwenye klipu zote mbili, kisiguse ukuta wala koili, kifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Steel wool usikiguse nayo kabisa. Tena pima sinia lako: liache nafasi ya vidole viwili kila upande, hewa izunguke. Sinia linalojaza oveni ukuta hadi ukuta huzuia moto wa chini usipande kwenye kijiti, na chini ya mkate kunaungua hata themostati ikiwa nzima.

Kama kijiti kiko mahali pake na ni kisafi, taa bado haizimiki, endelea.

Kipimo cha maji yanayochemka

Hiki ndicho kipimo ninachokuomba usikiruke, kwa sababu kinatoa jibu bila kubahatisha na hakina gharama. Lamu iko usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanayochemka kwa nguvu ni nyuzi 100 barabara. (Nairobi, kwa ajili ya urefu wake, huchemka karibu nyuzi 94, kwa hivyo ukisoma maelekezo ya mtu wa huko, namba zake zitapishana kidogo na zako.)

Zima swichi ya ukutani, chomoa plagi, na kama jiko limeungwa moja kwa moja bila plagi, zima kwenye meinswichi na uthibitishe kwa tesita. Fungia mtungi wa gesi pia, maana utalivuta jiko kutoka ukutani. Oveni ipoe saa nzima. Ondoa bamba la nyuma. Kabla ya kugusa waya wowote, piga picha kwa simu, mbili tatu, kwa karibu, rangi za waya zionekane na zimeingia pini gani. Vuta nobu ya mbele itoke, utaona skrubu mbili zinazoshika themostati. Zifungue, chomoa waya kwa kushika klipu yake na koleo, si kwa kuvuta waya. Kitoe kijiti kwenye klipu zake ndani ya oveni, ukipitishe nyuma pamoja na mrija wake polepole bila kuukunja kona kali. Sasa themostati nzima iko mkononi.

Weka mita kwenye omu, ncha moja kila pini ya themostati. Nobu ikiwa kwenye sifuri, mita isisome kitu. Ikisoma sifuri au chini ya omu moja hapo hapo, pointi zimeshikana na kipimo kimeisha, themostati imekufa. (Kuna majiko ambayo sifuri inakatwa na swichi ya kuchagua moto wa juu na wa chini, si na themostati. Kwa hayo anza na hatua inayofuata.)

Zungusha hadi 200. Mita isome karibu na sifuri, yaani pointi zimegusana, sawa kabisa kwa kijiti kilicho baridi. Sasa tumbukiza kijiti peke yake kwenye sufuria ya maji yanayotokota, kidude kibaki nje na kikavu. Subiri dakika tatu. Kisha rudisha nobu polepole kutoka 200 kushuka chini, huku sikio liko karibu. Themostati nzima italia "tak" nobu ikifika karibu na 100, na mita itaacha kusoma. Ikilia popote kati ya 85 na 115, inafaa kuendelea na kazi. Ikilia kwenye 60, basi alama zake zimeteleza nyuzi 40: ukiweka 180, oveni inakwenda karibu 220, na mkate wa mayai hauwezi kuvumilia hapo. Na ikifika alama ya chini kabisa bila kulia, huku kijiti kiko ndani ya maji yanayochemka, mrija umevuja. Hautengenezeki. Usikubali mtu akuambie ataunga kwa risasi, kwa sababu kimiminiko kilichotoka hakiwezi kurudishwa kwa kipimo chake nyumbani.

Kwa dalili ulizoeleza, mimi natazamia jibu hili la mwisho au lile la pointi zilizoshikana.

Kununua

Spea hii si lazima itoke kwa mtengenezaji wa jiko lako. Themostati za mrija ni za aina moja karibu kote, lakini lazima vipimo viendane, na duka la spea litakuuzia chochote kinachofanana kama hukwenda na kile cha zamani. Kosa linalotokea mara nyingi ni kuuziwa themostati ya hita ya maji au ya kukaangia chipsi. Kwa umbo ni ileile, lakini ya hita ya maji huishia karibu nyuzi 90 na ya chipsi karibu 200. Unayotaka iwe imeandikwa 50 hadi 300, au 50 hadi 320, ampea 16, volti 250. Mwandikie muuzaji pia urefu wa mrija (chini ya sentimita 90 hautafika kwenye majiko mengi), unene na urefu wa kijiti, umbo la kijiti cha nobu (mviringo uliokatwa upande mmoja, mara nyingi milimita 6) na urefu wake, idadi ya pini, na umbali kati ya tundu mbili za skrubu. Ukiweka rula kando ya ile ya zamani na kupiga picha moja, umeshamwambia yote. Kwa Lamu ni kifurushi kidogo: kinaweza kupanda basi Malindi au Mombasa hadi Mokowe, na kikavuka kwa boti. Lakini kifungwe ndani ya boksi gumu, mrija umeviringwa duara pana. Ukifika umekunjika kona, usiupokee.

Kufunga

Unarudi njia ile ile uliyotokea. Pitisha kijiti kwenye tundu lake, kikamate kwa klipu zote mbili, mrija uliozidi uviringe duara la upana wa kiganja nyuma ya bamba. Hapa naomba uangalifu wa kweli: mrija ni chuma. Ukigusa pini yenye stima, bodi nzima ya oveni inaweza kupata stima. Mrija uwe mbali na pini zote, na kama ule wa zamani ulivikwa soksi ya kitambaa cha kuzuia joto, mvishe mpya hiyo hiyo.

Tazama na klipu za waya. Zikiwa nyeusi, zimelegea au zina ule ukijani, zikatwe na kuwekwa mpya, kwa sababu klipu iliyolegea inachemka yenyewe na itaiua themostati mpya. Waya wa kubadilisha uwe ule wa silikoni au wenye ala ya nyuzi za kioo. Waya wa kawaida wa nyumba, ala yake ni ya kuvumilia nyuzi 70 tu, na nyuma ya oveni panapita hapo.

Na kwa kuwa jiko lako lina koili juu na oveni chini, fanya hesabu hii: koili ya juu wati 1,500, oveni wati 2,000, jumla 3,500, gawa kwa 240, unapata ampea 14.6. Plagi ya kawaida ni ya ampea 13. Ukiwasha vyote viwili plagi inapata moto, plastiki inaanza kuwa kahawia, na pini zinalegea. Jiko kama hili linataka laini yake na swichi yake ya jiko, ile kubwa ya ukutani. Mpaka ipatikane, washa kimoja kimoja.

Kujaribu kabla ya kupika

Usianze na mayai kumi na mawili na iliki. Kama una kipimajoto cha oveni, kiweke katikati ya rafu ya kati, weka 180, ngoja dakika 30, halafu soma taa inapozimika na inapowaka, mara tatu kila moja. Chukua ya juu kabisa na ya chini kabisa, jumlisha, gawa kwa mbili. Ukipata kati ya 170 na 190, umemaliza. Joto kupanda na kushuka nyuzi 15 au 20 kati ya kuzima na kuwaka ni kawaida ya themostati za namna hii.

Kama huna kipimajoto, sukari itakusaidia. Sukari nyeupe huyeyuka karibu nyuzi 186. Tandaza nusu kijiko kikubwa juu ya kipande cha foili, weka rafu ya kati kwenye oveni iliyokwisha kupata moto wa 175, dakika 15. Isiyeyuke. Weka sukari nyingine, panda hadi 190, dakika 15 tena. Iyeyuke. Ikiyeyuka kwenye 175, oveni bado ina moto zaidi ya inavyosema. Isipoyeyuka kwenye 190, ina moto pungufu. Kosa dogo la nyuzi 10 au 15 usilifungulie jiko tena: weka alama kwa rangi ya kucha pembeni ya nobu pale penye 180 ya kweli.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kama themostati mpya imefungwa na bado kitu hakijakaa sawa. Mpira wa mlango: funga noti mlangoni, ivute. Ikitoka bila kukwama popote, mpira umekufa hapo, joto linavuja, koili ya chini inabaki ikiwaka muda mrefu kufidia, na chini ya keki kunaungua huku juu ni peupe. La pili ni stima yenyewe. Nguvu ya koili hufuata mraba wa volti, kwa hiyo volti zikipanda kutoka 240 hadi 260, koili ya wati 2,000 inatoa karibu 2,350. Themostati bado itakata, lakini mwako wa mwanzo utapitiliza. Hapo dawa ni kuacha oveni izime na kuwaka mara mbili kabla ya kuingiza chakula.

Na kama siku moja ukaona kinyume, taa imezimika lakini oveni inaendelea kuchemka, au inachemka hata nobu ikiwa sifuri, usiiguse: zima kwenye meinswichi. Hapo waya wa moto na nyutro vimebadilishana nafasi na koili imegusa bomba lake, stima inapita kwenda ethi (waya wa ardhini) bila kupitia themostati. Nyumba yenye swichi ya kukata stima inapovuja ingeangusha papo hapo. Isiyo nayo haitaonyesha dalili nyingine yoyote. Jambo hili huwapata zaidi wanaotumia majiko kutoka Ulaya kwa adapta, kwa kuwa plagi nyingi za huko zenye pini mbili za mviringo huingia upande wowote.

Mpaka spea ifike, oveni isiwashwe kabisa. Kuiacha mlango wazi au kuzimazima kwa swichi hakuwezi kushika mkate, na oveni isiyokatwa hupanda kupita nyuzi 300, ikala nobu, mpira, waya, na kioo cha mlango. Mkate wa mayai wa kupalia makaa juu ya kifuniko, makaa machache chini na mengi juu, utakuja vizuri.

Oveni ya shangazi

Huo ni ugonjwa mwingine. Majumbani Italia gesi nyingi ni ya bomba, gesi asilia, inayofika jikoni kwa shinikizo dogo, karibu milibari 20. Gesi yetu ya mtungi hutoka kwenye regulata ikiwa karibu milibari 30, na kwa ujazo uleule ina joto zaidi ya mara mbili. Tundu za shaba zinazopitisha gesi kwenye jiko la Kiitaliano, zile nozeli, zimetobolewa kwa gesi ile ya kwao, kwa hiyo ni pana mno kwa hii. Atauona moto mrefu, wa manjano, unalamba bati, na masizi meusi chini ya sufuria. Moto mzuri ni wa buluu, mfupi. Shangazi anunue seti ya nozeli za gesi ya mtungi za jiko hilo, ya oveni pamoja na za juu, fundi azibadilishe zote kwa spana yake, kisha zipakwe povu la sabuni kwenye viungio kuona kama kuna bubujiko la gesi inayovuja.

Nozeli zikishabadilishwa, kuna skrubu moja zaidi ambayo mafundi wengi huiacha. Themostati ya gesi haizimi moto, huushusha tu hadi moto mdogo, na ukubwa wa moto huo mdogo hupangwa na skrubu ndogo kando ya themostati. Kwa gesi ya mtungi, kwenye majiko mengi skrubu hiyo hukazwa mpaka mwisho. Ikiachwa kama ilivyotoka Italia, moto mdogo utakuwa mkubwa, na oveni itaunguza hata akiweka namba ya chini kabisa. Na mtungi wake uwe na regulata ya kawaida ya jikoni, si ile ya kuzungusha ya presha kubwa wanayotumia wapika sherehe. Dirisha la jikoni libaki wazi mpaka kazi hiyo ikamilike, kwa sababu moto wa manjano kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.